Mbao Mbili za Opereta Rosamel

Baba Padre, mama mfiwa, ndugu wa upande wa Barrientos na wa upande wa Marusic, majirani wa mtaa wa Prat, na ninyi mliokuja na makoti mekundu ya kituo cha utafiti ingawa hakuna aliyewapa ruhusa ya kutoka kazini, familia inawashukuru kwa kuikabili barafu ya barabarani leo Ijumaa, tarehe 14 Juni 2024, na imeniagiza mimi Yerka, mtoto wa pili wa marehemu, niwasomee maisha yake, tena niyasome kama yalivyokuwa, kwa sababu yapo mengine yaliyoandikwa ofisini ambayo sivyo yalivyokuwa.

Marehemu Rosamel Barrientos Nahuelquín alizaliwa Jumanne, tarehe 30 Agosti 1955, sikukuu ya Mtakatifu Rosa, ndiyo asili ya jina lake, huko Quemchi katika kisiwa cha Chiloé, akiwa mtoto wa tano wa mzee Segundo Barrientos na mama Filomena Nahuelquín. Mzee Segundo alikuwa na maksai wanne, na kila jirani alipotaka kuhamisha nyumba yake, nyumba nzima ya mbao na mapazia yake madirishani, mzee ndiye aliyeita msaragambo, akaongoza maksai kwa sauti, akaivuta nyumba mpaka kiwanja kipya, kisha watu wote wakala na kunywa kwa mwenye nyumba. Safari ikichukua siku mbili, mzee hakukubali nyumba ilale juu ya tope tupu, aliingiza magogo chini yake kila jioni, akasema kwamba ukiiacha ilale chini, asubuhi itakuwa imezoea na haitataka kwenda.

Elimu ya msingi aliipata shule ya Quemchi kuanzia Machi 1962 hadi Desemba 1967, akaishia darasa la sita, si kwa kukosa akili, bali kwa sababu shule iliyofuata ilikuwa ng'ambo ya maji na nauli haikuwepo. Tunalisema hili kwa sauti, maana kuna watu waliomtajia hilo darasa la sita kwa miaka ishirini na saba kana kwamba ni ugonjwa wa kuambukiza.

Januari 1973 alihamia hapa Punta Arenas, akabeba mabomba kwenye visima vya mafuta, akapandishwa akawa msaidizi wa katapila, na tarehe 6 Aprili 1979 akapata leseni ya uopereta wa mitambo mizito. Jumamosi, tarehe 19 Februari 1983, alifunga ndoa na Danica Marusic katika kanisa hili hili, akiwa amevaa suti ya kuazima yenye mikono mifupi, na mama yetu anapenda kusema kwamba aliolewa na viwiko. Walijaliwa watoto wawili, Iván, aliyezaliwa 1984, na mimi, 1988.

Novemba 1986 alipata mkataba wa kwanza katika kituo cha utafiti cha Rada Blanca, kule kusini kwenye barafu, kazi yake ikiwa kufagia theluji, kuvuta mapipa ya dizeli na kutunza njia ya ndege, akakabidhiwa katapila kuukuu la manjano, akalipa jina la maksai mkubwa wa baba yake, Clavel. Mei ya mwaka uliofuata, majira ya baridi yake ya kwanza, alifanya kosa ambalo kila opereta wa kule hulifanya mara moja tu, alimaliza kazi, akaegesha Clavel juu ya theluji tupu, akaenda kula. Minyororo ya katapila hutoka kazini ikiwa na joto, huyeyusha theluji iliyo chini yake, na yale maji yakiganda mashine inakuwa imejengewa hapo hapo. Asubuhi alikanyaga mafuta, Clavel akanguruma bila kusogea hata kidole, akalazimisha, mnyororo ukakatika. Mpishi wa kituo, Don Ubaldo Cárcamo, ambaye yuko hapa safu ya tatu na asijifiche, alitoka na sufuria lake akamwambia mbele ya watu wote, "Kumbe ninyi wa Chiloé hampandi viazi tu, mnapanda mpaka katapila! Haya, mwagilia maji, Desemba tutavuna matrekta." Marehemu alicheka pamoja nao, lakini kilichomuuma, alimweleza mama baadaye, ni kwamba mwana wa mzee Segundo amesahau magogo. Tangu siku ile Clavel hakulala tena bila mbao mbili nene chini ya minyororo.

Sasa tunafika mwaka 2003. Tarehe 28 Julai, mkuu wa kituo wa mwaka ule, ambaye familia haitamtaja kwa sababu humu ni kanisani, alitangaza kwamba waheshimiwa wanakuja kupiga picha, hivyo mbao zote za karakana zikajenge jukwaa ili viatu vyao visiguse theluji. Marehemu alimwendea akamwambia, "Mkuu, chukua kitanda changu, chukua na godoro, lakini mbao za mashine ziache." Mkuu akamjibu, "Wewe una darasa la sita, mimi nina digrii mbili." Naye Don Rosamel, ambaye nyumbani hakuwahi kutujibu kwa ukali hata siku moja, akasema, "Basi zilaze hizo digrii chini ya minyororo, tuone asubuhi."

Akasalimisha mbao zote za mashine tatu, isipokuwa mbili. Hizo mbili alizificha mchana chini ya godoro, akaziweka chini ya Clavel kila jioni, na tarehe 1 Agosti akapewa barua ya onyo kwa kuzuia mali ya kituo. Jukwaa lilijengwa, likapakwa rangi, waheshimiwa hawakuja.

Kilichokuja ni dhoruba, siku nne mfululizo kuanzia tarehe 9, na siku ya nne Don Ubaldo akaanguka jikoni akishika tumbo. Daktari alisema ni kidole tumbo, na kwamba kituo hakina chumba cha upasuaji, ndege ya kumchukua isipotua ndani ya siku mbili watafute jeneza, na njia ya ndege ilikuwa imezikwa chini ya theluji inayofika kifuani. Asubuhi ya tarehe 13 hewa ilipotulia, mashine mbili zisizo na mbao zilikuwa zimeshikwa na barafu, wakazipiga kwa nyundo, wakazichoma kwa moto, wapi. Clavel aliwaka, akatikisika kidogo, akaondoka.

Alifagia kwa saa kumi na tisa, mita mia tisa za njia, akipokezwa supu dirishani bila kuzima injini, na katikati ya kazi alimwita mgonjwa kwenye redio, "Ubaldo, usife bwana, supu hii kaipika daktari, utatuua wote." Sauti ikarudi, nyembamba kama ya mtoto, "Fagia wewe, acha maneno." Tarehe 14 Agosti, saa tano na dakika arobaini asubuhi, ndege ilitua.

Ripoti ya tukio hilo ina kurasa arobaini na moja, nimezisoma zote, hiyo ni faida mojawapo ya kuwa na digrii na muda mwingi, na ndani yake umesifiwa uongozi, mipango na mawasiliano, jina la Rosamel halimo. Barua ya onyo, hiyo ilibaki kwenye faili. Kila alipoomba ajira ya kudumu aliambiwa atie sahihi kwanza kwamba alikosea kuzuia mbao, barua ifutwe, kazi apewe, na matibabu ya uzeeni juu yake. Mama alimwambia, "Tia, Rosamel, ni wino tu." Akamjibu, "Danica, nikisema nilikosea, basi kwa karatasi Ubaldo amekufa." Hakutia. Alifanya mikataba ishirini na saba ya mwaka mmoja mmoja, wa mwisho ukaisha tarehe 31 Oktoba 2013, akashuka kwenye ndege na begi moja na mbao mbili begani. Shada la ofisi lililofika asubuhi limeandikwa Rosendo, mama ameagiza likae karibu na mlango, lipate upepo.

Tarehe 4 Machi 2021 aligundulika ana ugonjwa wa mapafu, akatibiwa hapa mjini kwa uvumilivu wake ule ule, akiwauliza wauguzi kama gari la wagonjwa limeegeshwa vizuri, na Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa moja asubuhi, alifariki mikononi mwa mama, akiwa na umri wa miaka sitini na minane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, majirani waliofagia theluji mlangoni kwetu tangu Jumanne bila kuombwa, kina mama waliokesha wakikuna viazi vya milkao, mikate ya viazi ya kwao Chiloé, na maopereta wenzake, ambao leo asubuhi walikuja nyumbani wakiongozwa na Don Ubaldo, wakamwomba mama kitu kimoja tu, akawaonyesha uvunguni mwa kitanda. Kwa wale mlio nyuma ambao hamwoni, jeneza halikuwekwa juu ya meza ya kanisa, liko juu ya mbao mbili nene, zenye alama za minyororo.

Nje ardhi imeganda, lakini baba hakulazwa chini tupu, asubuhi akiitwa ataondoka. Pumzika kwa amani, opereta, hujakosea.