Dakika Ishirini na Nne za Kurudi Tunduma

Mkuu wa Chuo, uliyenipisha kiti chako chenye mto, Ndugu Mwenyekiti wa jopo la watahini, Daktari Damiano, wahadhiri, shehe na mchungaji mliotuombea asubuhi, wazazi mliopanda kutoka Momba na mlioshuka kutoka Ibaba, na ninyi wanafunzi watafiti, ambao itifaki imewaweka mwisho ingawa siku ni yenu: nawasalimu wote. Mniwie radhi nikizungumza nimeketi. Daktari wangu ameniambia nisipande ngazi, nisile chumvi, wala nisipange mambo ya Krismasi.

Nimealikwa kukabidhi tuzo yenye jina langu. Nitafika huko. Lakini kwanza nina jambo nililolificha karibu miaka arobaini, na asubuhi ya leo limemwangukia binti asiyehusika.

Nyote mnaifahamu kazi iliyonipa uprofesa. Mwaka 1986 nilipima muda ambao wachuuzi hutumia kutembea kutoka soko la Tunduma hadi soko la Nakonde, upande wa Zambia, na kurudi. Mimi nilikaa Tunduma na saa yangu, niliyoiweka sawa kwa redio ya Dar es Salaam. Msaidizi wangu, Rabson, alikaa Nakonde na saa yake, aliyoiweka sawa kwa redio ya Lusaka. Kila mmoja aliandika kwa uaminifu mkubwa. Tulipolinganisha madaftari, tukaona kwamba mama mmoja muuza mchele, Mwamvua, aliondoka kwangu saa nne kamili akafika kwa Rabson saa tatu na dakika kumi na mbili.

Nawauliza, ndugu zangu: msomi akiona mtu amefika dakika arobaini na nane kabla hajaondoka, afanye nini? Mimi nilifuta alama ya kutoa.

Basi kwenda kukawa dakika arobaini na nane. Kurudi, saa zile zile zilitupa sabini na mbili. Nikaandika kurasa mia mbili kueleza kwa nini Mtanzania hurudi nyumbani kwa kusuasua: uchovu wa moyo, hofu ya wakwe, upepo. Nilipomsomea Mwamvua matokeo aliniangalia kwa huruma, akasema, "Mwalimu, mimi nabandika maharage, naenda Nakonde, narudi, hayajachemka." Nikaandika kwamba wahojiwa wana tabia ya kupunja makadirio. Wafadhili walisoma, wakajenga benchi la saruji katikati ya njia, limeelekea Tunduma, ili wanaorudi wapumzike na kutiwa moyo.

Ukweli niliujua miezi minne baada ya kitabu kutoka. Rabson alinialika chakula cha mchana kwake Nakonde. Nilipelekwa kwa gari, nikafika saa saba kamili, nikamkuta mkewe, Enesi, ndiyo kwanza anachambua mboga. Nikanung'unika. Enesi akaniambia bila kuinua kichwa, "Huku ni saa sita, Mwalimu. Ukitaka saa saba, rudi kwenu."

Kila mtoto wa Tunduma anajua kwamba Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Hata mimi nilijua, kama mtu anavyojua jina la babu wa babu yake: sikuwahi kulihitaji. Ningeweza kusahihisha siku ile ile. Lakini barua ya uprofesa ilikuwa mfukoni mwangu, na mboga za Enesi zilikuwa tamu. Nikanyamaza.

Kumbe wakati nimenyamaza, wengine walikuwa wakinithibitisha. Wanafunzi kumi na wanne wamerudia utafiti wangu, na wote wamepata dakika zangu. Wamezipataje? Daktari Damiano, usiiname. Ulinisimulia mwenyewe, ukiwa mwanafunzi wangu, kwamba wachuuzi wako walikuwa wanafika mapema mno, ukawaketisha kwenye benchi lile na kuwanywesha soda mpaka dakika zikatimia. Nami nilikupa alama ya juu kuliko wenzako wote.

Leo asubuhi amesimama hapa Ferista, binti wa wakulima wa kahawa wa Igamba. Alivaa saa yake mkononi akatembea mwenyewe, bega kwa bega na wachuuzi mia mbili. Dakika kumi na mbili kwenda, kumi na mbili kurudi. Jopo limemwambia, kwa mara ya tatu, akapime tena hadi apatane na maandiko, la sivyo hatahitimu. Akaulizwa yeye ni nani hata apingane na profesa. Waliokaa nyuma huenda hawakusikia jibu lake, kwa hiyo nalirudia. Alisema, "Sipingani naye, mheshimiwa. Nilitembea tu."

Mimi sikutembea. Katika utafiti wote ule sikuwahi kuipita njia ile kwa miguu hata mara moja. Nilikuwa na kiti.

Kanuni za chuo zinasema fomu ya kuhitimu hupitishwa na jopo, au na profesa yeyote wa fani hii aliye hai. Fani hii ina profesa mmoja, na hai bado ni neno linalonihusu. Nimeisaini mlipokuwa mkinipigia makofi.

Ferista, mwanangu, njoo uchukue fomu yako. Tuzo sikupi. Ina jina langu, na hujafanya kosa lolote la kukufanya ubebe kitu hicho.

Ndugu zangu wa jopo, saini imetoka kama kuku amepita juu ya karatasi, lakini ni yangu. Mwenye shaka aje nyumbani kwangu hapa Vwawa wiki hii, nitasaini tena mbele yake. Wiki ijayo siahidi.

Nawashukuru kwa kunivumilia hadi hapa. Asanteni.