Mama Bwawa Anaondoka, Dizeli Inabaki na Wivu Wake

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne kazini, msimamizi wa kituo chetu cha umeme wa maji, ambaye sote tunamwita Mama Bwawa, anastaafu. Mhariri wa jarida hili ameniomba mimi, msimamizi wa kituo cha dizeli, niandike wasifu wake. Nadhani alitaka kunichokoza. Hapa kazini hakuna asiyejua jinsi ninavyomwonea wivu mama huyu.

Wivu wenyewe una sababu. Chumba cha kuongozea gridi huwasha kwanza mitambo yenye umeme wa bei nafuu: maji, kisha gesi, na dizeli mwisho kabisa. Mafuta ya Mama Bwawa huanguka bure kutoka mawinguni. Yangu huja kwa malori, na kila lita ina bei yake. Kwa hiyo yeye hupigiwa simu asubuhi kwa salamu na utani. Mimi hupigiwa mambo yakiharibika, na anayepiga huwa tayari amenuna. Hata mke wangu, bili ya nyumbani ilipopanda, aliniuliza kwa nini nisiende kujifunza kazi kwa Mama Bwawa.

Mama Bwawa alianza kwa kupaka mashine grisi, akapanda hadi kushika kituo kizima. Huweka ncha ya bisibisi kwenye mashine na mpini sikioni, kisha anakuambia beringi ipi imechoka. Nimejaribu mbinu hiyo kwangu, nikaambulia sikio lililojaa oili.

Mwaka wa ukame nilidhani zamu yangu ya kung'ara imefika. Bwawa lilishuka hadi matope yakaonekana, na Mama Bwawa mwenyewe akaomba mashine zake zizimwe mchana, ili maji yaliyobaki yatumike jioni watu wanapopika na watoto wanaposoma. Gesi peke yake haikutosha, na mchana kutwa mzigo wa umeme ukabebwa na dizeli. Gharama zikapaa, na kwenye kikao cha wakubwa macho yote yakanigeukia mimi. Mama Bwawa akasimama, akasema bili ile ni yake, maana maji yaliyokosekana ni yake. Ukumbi mzima ukampigia makofi. Mimi nimechoma mafuta miezi yote ile na jasho likanitoka. Yeye kachukua lawama zangu, akashangiliwa kwazo.

Lakini kila asubuhi ya ukame ule simu ya kituo changu ililia, na aliyepiga alikuwa yeye. Alitueleza hali ya bwawa, kisha akatuambia asanteni, maji mliyotuokolea jana bado yapo. Hakuna mwingine aliyewahi kuishukuru dizeli. Mafundi wangu waligombea kuipokea simu hiyo, nami nikawanyang'anya kwa nguvu ya cheo.

Sasa mvua zimenyesha, bwawa limejaa pomoni na mitambo yangu imezimwa, ndiyo maana kituo kizima cha dizeli kitakuwepo kwenye hafla ya kumuaga. Hata kuagwa, anaagwa kwa bahati.

Mama Bwawa, tunakushukuru kwa yote. Tunakutakia mapumziko ya raha, magoti yasiyouma na wajukuu wasikivu. Nasikia umewaahidi kuwapigia simu kila asubuhi, na sasa nawaonea wao wivu. Kiangazi kikija, ukaona taa ya sebuleni kwako inawaka, ujue ni sisi. Namba ya kituo haijabadilika.