Alama za Wino Kiunoni mwa Demetria

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Daktari. Viongozi wa mtaa. Wagonjwa wetu na ninyi mnaowauguza:

KARIBU TABATA
Tumefurahi umefika. Kiti hiki cha mbele tumemwekea msomaji wetu wa risala hii, na atakikataa, tunamjua. Tuvumilie, sababu utaisikia.

TULIKOTOKA
Tulianza majirani saba, kila mmoja na mgonjwa wake wa saratani ndani. Mwenzetu Demetria, mwalimu mstaafu, alikuwa ametibiwa titi, akashukuru Mungu, akarudi kwenye mchicha wake. Mwaka jana nyonga ikaanza kumuuma. Tukasema uzee. Tukasema baridi. Tulimchua mpaka chupa tatu za dawa zikaisha, kumbe saratani ilishaingia kwenye mfupa. Miezi minne alilala ameketi, amekumbatia mto. Wanawe aliwaambia hajambo. Sisi alituambia anaomba afe.

TULIPOKOSEA
Hospitali ikampangia mionzi ya kutuliza maumivu, mara moja tu, siku ya Jumatatu. Alhamisi ya kabla yake akachorwa alama za wino kiunoni, za kuonyesha mashine ielekezwe wapi. Jumapili wifi yake, Sekela, akachemsha maji.

"Wifi, huendi kwa daktari na michoro kama gunia la viazi," akasema, akashika dodoki. Alisugua hasa. Na sisi tusijitoe, ndoo tulishika.

Kesho yake mtaalamu wa mashine akauliza, "Mama, nani kafuta?"

"Tulikuwa tunaoga vizuri, mwanangu," Demetria akajibu. Siku hiyo aibu ilimuuma kuliko nyonga. Alichorwa upya, akarudishwa wiki iliyofuata. Siku zote saba Sekela alimpangusa uso na miguu, basi, na yeye mwenyewe, kwa majuto, chakula hakikumpita.

MAFANIKIO
Mionzi yenyewe ilikuwa dakika chache. Siku tatu za mwanzo maumivu yalizidi. Tulikuwa tumeonywa, lakini nani alikumbuka? Wiki ya pili, asubuhi, Sekela akaingia chumbani akamkuta wifi yake amelala chali, anakoroma. Akakaa sakafuni, akalia kwa raha.

Saratani haijaondoka, hatujidanganyi. Maumivu ndiyo yametulia, na Demetria ameacha kuomba ile dua.

MAOMBI
Tunaomba kila anayechorwa apewe karatasi ya Kiswahili, maandishi makubwa: USISUGUE. Tunaomba pia muuguzi apite mitaani kwetu, amjue anayelala ameketi kabla hatujammalizia chupa tatu. Leo hii wako watano. Majina yao yamebanwa nyuma ya karatasi hii, nasi tunakuomba usiondoke bila kuyasoma.

Mungu akufikishe kwako salama, akujalie usingizi wa kulala chali, usiku kucha.

Ni sisi, Kikundi cha Tunaouguza Nyumbani, Tabata.

Imesomwa na Demetria mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, akiwa amesimama.