Mota ya Meli ya Mpaka Grisi

Sogeeni, wanangu, nyote wawili, na wewe binti yangu usisimame hapo mlangoni kama mgeni asiyejua kama atakaribishwa. Vuta kiti ukae upande huu wa kitanda, kaka yako akae upande ule, na hiyo meli iwekeni mezani katikati yenu, tezi, ile nyuma yake, ikielekea kwangu. Nisikilizeni vizuri, kwa sababu pumzi niliyo nayo ni ya kuazima, na mwenyewe ameshaanza kuiulizia.

Mambo ya nyumba yamekwisha. Vyumba vya mbele ni vyako, kijana wangu, vya nyuma ni vya dada yako, ukuta wa katikati ni wa wote, na jirani yetu fundi wa magari alikuwepo niliposema hivyo nanyi mkaitikia. Simdai mtu, wala hakuna anayenidai. Jiliwa, misumeno na tupa zangu mtazikuta zimepakwa mafuta, na atakayeziacha zishike kutu nitamtokea ndotoni. Nyumba nzima mmegawana bila hata kukunjiana uso, lakini mota, mota moja ya meli isiyofika urefu wa kitanda hiki, imewashinda! Nimechoka, wanangu. Ugonjwa huu haujanichosha kama mlivyonichosha nyinyi.

Mnajua kazi niliyoifanya. Nguvu zangu zote niliziacha chini kabisa ya meli ya mizigo, nikiwa mpaka grisi, mtu wa kulainisha mashine; wenzangu wa juu waliona bandari na miji ya watu, mimi niliona shafti, ule mhimili unaozungusha propela. Ilikuwa nene kama kiuno cha mtu, imelala ndani ya ujia mwembamba kutoka kwenye injini hadi tezi, na mimi nilitembea kando yake na kopo la mafuta, nikigusa beringi moja moja kwa kiganja kujua ipi inapata joto. Injini ilikuwa kubwa kama ghorofa, lakini shafti ilizunguka taratibu mpaka ungeweza kuhesabu mizunguko yake, na meli imejaa saruji na magogo, na inakwenda. Nilipostaafu nikasema nitaijenga tena, ndogo, kwa mikono yangu. Mbavu zake nimezichonga kwa mbao za makasha, ngozi yake ni mabati ya madebe ya mafuta ya kupikia, propela nimeikata kwa shaba, mapanga manne, nikaipiga tupa usiku na mchana mpaka mama yenu akasema afadhali ningeoa mke wa pili, huyo angalau angelala.

Ikabaki mota. Na kabla sijaifunga, miguu ikanikataa, nikawaachia nyinyi. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Wewe, kijana wangu, hukungoja hata nitoke hospitali. Uliifunga mota ya keekee ya betri, ukaipeleka meli kwenye bwawa la kiwanda cha matofali ikiwa tupu, haina hata kokoto moja tumboni, ukawasha. Jirani amenieleza yote. Ikainua omo, pua yake ya mbele, juu, propela nusu iko nje inapiga hewa, ikakimbia ikaupiga ukuta wa bwawa. Pua imepinda, mpira wa kuungia shafti umekatika, mota imetoa moshi. Nawe ulikuwa ukishangilia, eti inakimbia! Nani amewahi kukuambia meli ya mizigo inakimbia? Miaka yote nimekuimbia kwamba haraka haraka haina baraka, kumbe nilikuwa nampigia mbuzi gitaa.

Usicheke, binti yangu. Wewe uliposikia kaka yako ameshindwa ulifurahi, usinibishie, nilikuona, ukaja hapa na mota ya cherehani chako. Mota nzuri, ukiikanyaga kidogo inakwenda kidogo, nayo imeshona hata shuka hili nililojifunika. Lakini inakula umeme wa ukutani, mama! Tutaivuta waya hadi katikati ya bwawa, au bwawa ndilo tutalileta sebuleni?

Sasa mnaninong'onezea, kila mmoja upande wake, kwamba sikuwaeleza. Nilieleza! Wewe, kijana, nilikuambia mota iwe ya betri, na nikasema umwambie dada yako. Nawe, binti, nilikuambia iwe ya kwenda polepole yenye nguvu, na nikasema umwambie kaka yako. Tazameni basi mlivyotii: huyu ameleta ya betri isiyojua polepole, huyu ameleta inayojua polepole isiyojua betri. Nusu ya neno ililala huku na nusu ikalala kule, na ukuta wa katikati haukupitisha kitu. Mimi nimelala hapa nimekasirika mpaka nesi anayekuja kunitazama akanipima mapigo mara mbili, akadhani ni moyo.

Basi leo nasema mara moja, mbele yenu wote, na sirudii. Mota haichaguliwi kwa meli tupu. Huwezi kumtafuta mpagazi kabla hujauona mzigo. Kwanza mtapakia: betri ya pikipiki chini kabisa, juu yake mifuko ya mchanga, mpaka maji yaguse ule mstari mwekundu niliouchora ubavuni. Meli ikishazama kiasi chake ndipo mtaona propela imeingia yote majini, na ndipo mtauliza ni mota gani itakayoizungusha hiyo shaba nzito, taratibu, mchana kutwa, bila kupata joto. Propela kubwa, mwendo mdogo. Usukani ukae nyuma yake karibu, maana meli nzito haigeuki kwa kuombwa. Mota yenyewe iko kwenye kasha chini ya kitanda hiki. Jirani aliitoa kwenye gari bovu, ni ile ya feni inayopuliza hewa kutoka kwenye dashibodi. Haina mbwembwe. Itoeni.

Mmeiona? Nzito kidogo, eeh. Hiyo ndiyo.

Lakini hata hiyo itaungua mkiifunga kama mnavyoishi. Mwaka wa ngapi huu mnakula meza moja na hamsemezani? "Baba, mwambie huyo chumvi iko mbele yake." Mimi na uzee wangu nimegeuzwa simu! Najua kilichowafikisha hapa, nanyi mnajua kwamba najua. Mama yenu alizikwa dada akiwa njiani. Kaka anasema barabara ilikatika na mvua na simu haikushika. Dada anasema alituma neno kwamba wamngoje, akafika akakuta udongo umeshasawazishwa na watu wanakunja majamvi. Kila mmoja amenisimulia upande wake hadi naujua kumshinda mwenyewe. Siamui leo. Mimi ni mpaka grisi, si hakimu, na maji yakimwagika hayazoleki. Ila niliona kitu, na kiliniuma, na kinaniuma sasa: mlimlilia mama mmoja katika vyumba viwili, mlango umefungwa.

Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nitaondoka, mtazunguka, mtarudi hapa hapa, na hamtakuwa na mtu mwingine.

Kwa hiyo meli nawaachia wote wawili, na asiiguse mmoja bila mwenzake. Si kwa sababu nimekuwa mpole. Ni kwa sababu shafti haifungwi na mtu mmoja. Mota ikiwa juu kidogo, au imekaa upande kidogo, ule mpira wa kuungia utayumba, utaliwa, na safari itaishia katikati ya bwawa. Lazima mmoja aishike mota mahali pake, na mwingine aizungushe propela kwa kidole huku jicho liko kwenye mpira. Anayeshika haoni. Anayeona hashiki. Niambieni mtafanyaje kwa kununa.

Haya, tuanze. Mpira mpya uko kwenye kasha. Kijana, ingiza mota, ikalishe juu ya kile kigogo nilichokipigilia ndani, usikaze skrubu. Binti, zungusha propela. Taratibu, si gurudumu la cherehani. Unaonaje?

Hapana. Usiniambie mimi. Mimi sishiki mota. Mwambie aliyeshika.

"Huyo" ni nani? Katika nyumba hii hakuna mtu anayeitwa "huyo".

...

Ngoja hapo. Rudia, sikio hili zito.

"Inua kidogo, kaka." Haya. Nimesikia. Na wewe usitazame chini kama umemwaga uji. Mwenzako amekusemesha, mjibu. Mwulize kiasi gani. Kipande kimoja cha bati au viwili? ... Kimoja. Vizuri. Weka kimoja chini ya mguu wa nyuma wa mota. Zungusha tena.

Nipe maji. Kidogo tu, yanatosha.

Sikilizeni, niseme ya mwisho wakati bado sauti inatoka. Nikifa, msikimbie. Kama mmoja yuko mbali, mwingine angoje, hata watu wakinung'unika, hata mvua ikinyesha. Mwili wangu hauna safari nyingine ya kuwahi. Mnizike mkiwa wawili, udongo wa kwanza mtie pamoja. Mkishamaliza msiende bwawani siku hiyo hiyo, pumzikeni, halafu pakieni mchanga mpaka mstari mwekundu na muiachie meli iende. Ikienda polepole, jirani akiwacheka, mwacheni acheke. Na pua iliyopinda msiinyooshe. Iacheni hivyo.

Umesemaje, binti? Imezidi? Basi mwambie apunguze... eeh, hivyo... mwambie ni upande gani, wake au wako. Yeye hana macho huko aliko, macho yake ni wewe.

Mungu awape mikono isiyochoka kushikiana. Awape watoto wabishi kama nyinyi, mjue nilivyokuwa. Kijana wangu, nimekuridhia. Binti yangu, nimekuridhia, na mama yako pia, hakuwahi kukuhesabia kuchelewa. Radhi yangu iwe juu yenu, nyumbani na njiani... na majini.

Mnacheka nini? Ameangusha skrubu? Na wewe umesema nini... sikushika... basi, basi, semeni tu.

Taa imekuwa na ukungu. Sioni mpira tena. Mnasema umetulia, hauyumbi, niwaruhusu mkaze, mwashe.

Hapana. Msiwashe. Mimi ndiye niliyeishi na shafti, najua. Bado haijanyooka. Inua wewe... na wewe mwambie... polepole... mwambie tena. Bado kidogo, wanangu. Endeleeni.