Corinne Halvorsen, Mwandishi wa Miji Isiyokauka Mvua

Ndugu, majirani na wasomaji wa marehemu, mimi ni Leif, mdogo wake, na familia imeniomba niwasomee maisha yake.

Corinne alizaliwa tarehe 12 Machi 1958 mjini Tacoma, jimbo la Washington, mtoto wa kwanza wa mzee Arne, mfanyakazi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba, na mama Solveig, akasoma hapohapo hadi alipomaliza sekondari mwaka 1976, kisha akaajiriwa Seattle kuunganisha simu, kazi aliyoifanya mpaka mashine zilipochukua nafasi yake, Juni 1983.

Ndipo alipoanza kuandika hadithi za saiberpanki, za miji isiyokauka mvua, ambako makampuni yana nguvu kuliko serikali na maskini hutembea na mitambo mwilini, na ingawa baba aliuliza nani atanunua shida za kesho ilhali za leo zinamtosha, vitabu vyake vilipendwa sana. Mwenyewe hakuelewa kwa nini, hadi msomaji mmoja, muuguzi Tobias Renk, alipomwambia, "Watu wako wananyang'anywa kila kitu, lakini bado wanafungua mashine za wakubwa na kuzitumia watakavyo wao. Nikitoka zamu, nataka kumsoma mtu wa namna hiyo."

Tarehe 9 Septemba 1985 alifunga ndoa na Wendell Oyama, fundi redio, aliyetutangulia mwaka 2011, wakajaliwa binti mmoja, Maren.

Mwaka 2014 alianguka ngazini akaumia uti wa mgongo, akapandikizwa kifaa cha umeme cha kutuliza maumivu, ambacho kampuni iliyokitengeneza ilikiongoza kwa mtandao, na akapata usingizi tena, hadi Februari 2020 kampuni ilipofilisika na kifaa kikazimika mwilini mwake, huku madaktari wakiogopa kukitoa. Baadhi ya wasomaji walimwandikia kwa furaha kwamba sasa amekuwa kama wahusika wake, naye akamwambia Maren, "Waambie kwamba kitabuni mgongo hauumi."

Ni Tobias, yule muuguzi, na wasomaji wenzake wajuao kompyuta waliohangaika hadi wakakiwasha bila kampuni, na kiangazi kile tulimwona akipalilia bustani na kutucheka, lakini Oktoba kilizimika tena, hawakukiweza, na hakuandika tena hata ukurasa. Alifariki nyumbani tarehe 3 Novemba 2022, kwa homa ya mapafu.

Juzi walionunua mali za kampuni ile walipiga simu wakitaka kifaa kirudishwe, kwa kuwa mkataba unasema ni chao. Maren aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Njooni mumwombe mwenyewe," akawaambia, akakata simu.

Kwa hiyo tunamzika nacho, na kama kuna kesi, nimekubali nishtakiwe mimi.

Tunawashukuru madaktari, jirani yetu Bi Petrakis aliyempikia supu, wenzake wa zamani wa simu, na Tobias, ambaye bado anajilaumu, na tunamwomba aache.

Pumzika kwa amani, dada yangu, mgongo hauumi tena.