Aliyebaki Nyuma ya Kundi

Mshonaji alijifanya amesinzia kwenye benchi la kivuko, maana ugomvi wa wenzio ni mtamu usipoulizwa maoni. “Kila ndege wakipita mnasimamisha mitambo ya upepo, umeme unakatika, geti la mteja linabaki nusu!” alifoka mchomeleaji.

“Sasa kaka, tuwaache wakatwe vipande vipande?” alijibu dada mlinzi wa ndege.

Mbele yao, kisiwani, mapanga ya mitambo yakasimama na kundi jeupe la ndege likakatiza. “Wamepita,” alisema mlinzi, akitoa simu. “Nawaambia wawashe.”

“Ngoja, dada!” Mchomeleaji akamdaka mkono. “Kuna mmoja kabaki nyuma.”

Ndege yule akapita salama. Mchomeleaji akashusha pumzi. Mshonaji pia, usingizi wake ukaumbuka. “Lakini kesho sikubali!” alisema mchomeleaji, kivuko kikigusa gati.