Historia ya Dada Yetu, Mwenye Dirisha Jekundu

Ndugu waombolezaji, wakwe, majirani na mashoga zake, aliyesimama atafute pa kukaa na mwenye simu aizime, hata wewe unayesema ni ya ofisi, maana huyu aliyelala hapa mbele, chini ya kitambaa chekundu mnachonong'onezana tangu asubuhi kwa nini kisiwe cheupe, hakupenda mtu wa kusikiliza nusu nusu, na hicho kitambaa kina maana yake, tutaifikia.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, kifungua mimba wa fundi redio na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo chumba kimoja kilikuwa cha watu na cha pili cha redio zilizokufa, akashika bisibisi kabla hajashika mwanasesere. Alipokuwa na umri wa miaka saba aliifungua redio ya jirani iliyokuwa nzima kabisa, ili aone mtangazaji anakaa wapi, mama akainua mwiko, baba akamzuia akasema, "Mwache, ila yeye mwenyewe aende akaseme kwamba ameiua, na mpaka ifufuke atakuwa anakwenda kumsomea mzee wa watu gazeti." Akaenda, akasema, akasoma gazeti kwa sauti ya mtangazaji mpaka jirani akaanza kuomba redio isipone, na tangu siku hiyo sheria ya nyumba yetu ikawa moja: ukiharibu, sema, ukishasema, tengeneza. Naomba muishike hiyo sheria, maana historia yote hii imening'inia juu yake.

Alianza shule ya msingi mwaka 1986, akaingia sekondari mwaka 1993 na kumaliza mwaka 1996 akiwa na cheti ambacho mama alikionyesha wageni huku amefunika kwa kidole alama zote isipokuwa ya hisabati, na baada ya hapo hakuna aliyemfundisha kitu, jambo alilolisema kwa kiburi, kwa sababu kiburi alikuwa nacho, na hasira pia alikuwa nazo, leo si siku ya kumsingizia upole. Mwaka 1998 aliajiriwa kupokea wateja kwenye duka la intaneti, akawa anazisoma kurasa za watu kwa ndani, kule zilikoandikwa, anavunja, anaunga, anavunja tena, na mwenye duka alipomuuliza, "Wewe binti, umeajiriwa kupokea wateja au kubomoa kompyuta?" alimjibu, "Zilizobomoka ni za kwako, mzee, mimi ndiyo kwanza nimezikuta," na siku ile ile akazitengeneza.

Tarehe 3 Februari 2003 aliajiriwa na kampuni ya kutengeneza na kutunza tovuti za watu, ghorofa ya juu, juu ya duka la rangi, na huko ndiko alikoipa kazi hii moyo wake wote, akizisimamia seva, yaani zile kompyuta zinazokaa macho wakati wote ili mtu akifungua tovuti aikute. Waliofanya naye kazi wanakumbuka alivyokuwa akisema, "Soma kosa kwanza, ndipo ulie," na, "Badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uguse cha pili," na siku moja tovuti ya mteja ilipokuwa ikiwaka na kuzimika, wenzake wakataka kufuta kila kitu waanze upya, yeye akaketi, akachimba, akatoka na jibu kwamba programu mbili zimepewa mlango mmoja, akasema, "Hawa ni wapangaji wawili waliopewa ufunguo wa chumba kimoja, mnataka kubomoa nyumba nzima, mhamisheni mmoja!" Akahamishwa mmoja, ugomvi ukaisha.

Tarehe 6 Agosti 2005 alifunga ndoa na fundi mabomba, shemeji yetu huyu hapa, ambaye alikuja ofisini kuziba bomba la choo akachelewa kutoka, na ambaye alizoea kumwambia, "Mimi maji, wewe data, mke wangu, lakini sote tunaishi kwa kuvuja," wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 2007 na kitinda mimba aliyezaliwa mwaka 2010, wote wako hapa, wote wana ulimi wa mama yao, Mungu awasaidie watakaowaoa.

Sasa tunaifikia rangi nyekundu. Kazi ile ilikuwa na seva mbili, moja ya majaribio, ambapo unaweza kuharibu na hakuna anayelia, na nyingine ya kazi yenyewe, inayotumiwa na watu wenye shida zao, na ukizifungua kwenye kompyuta zote mbili ni madirisha meusi yenye maandishi meupe, yamefanana kama mapacha waliovishwa sare. Dada aliona hatari hiyo mapema, akaweka mipangilio katika kila kompyuta ya ofisi ili dirisha la majaribio liwe la kijani na lile la kazi liwe jekundu, jekundu la kukuamsha, na akawafundisha wenzake kwa maneno machache, "Kijani, cheza. Nyekundu, nawa mikono kwanza." Wakambatiza jina Nyekundu, na kwa miaka mingi hakuna aliyefuta kitu cha mtu.

Mwaka 2015 aliletwa meneja mpya, mtu ambaye kila sentensi yake iliishia na "chapchap", kwa hiyo jina la Chapchap halikutungwa na sisi, alilitunga kwa mdomo wake, na wiki ya kwanza tu akasema madirisha mekundu yanamuumiza macho, "Hii ni ofisi, dada, si disko," akaagiza kompyuta zote zirudishwe kwenye weusi. Dada alibisha mbele za watu, akamwambia, "Bosi, utakuja kuchinja ng'ombe ukidhani ni kuku," akaambiwa abishe kwao, akarudi mezani kwake, lakini kompyuta yake mwenyewe hakuigusa, ilibaki nyekundu.

Tarehe 30 Septemba 2016 ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma maombi ya kujiunga na chuo cha wauguzi, na tovuti ya chuo hicho ilikaa kwenye seva yao. Dada alikuwa ameomba ruhusa kwa mdomo, akapewa kwa mdomo, akampeleka kitinda mimba kung'olewa jino. Akaja mgeni, mteja mkubwa, Chapchap akataka kumwonyesha tovuti mpya iliyo safi, akafungua madirisha mawili, yote meusi, akaandika amri ya kufuta akidhani yuko kwenye majaribio, na dada mmoja mchora kurasa, aliyeketi jirani naye, akamwambia, "Bosi, hiyo si ya kazi?" naye akajibu, "Mgeni anangoja, chapchap," akabonyeza. Haya hatukuyaokota barabarani, mchora kurasa mwenyewe yuko pale safu ya tatu, ametuambia tuyasome.

Dada alirudi na mtoto mwenye shavu lililovimba, akakuta maombi ya vijana wote hayapo, akaketi na mtoto mapajani, akairudisha nakala aliyoihifadhi jana yake, na vijana karibu wote wakaonekana tena, isipokuwa wale waliotuma asubuhi ile, ambao walikuwa wamekwenda na maji. Wazazi wakapanda ngazi wakipiga kelele, na Chapchap, badala ya kusema neno moja ambalo mtoto wa miaka saba aliliweza, alinyoosha kidole akasema, "Mwenye seva ni huyu, na wakati inatokea hakuwepo kazini." Mama mmoja akamshika dada yetu kanga mabegani akamwambia, "Mwanangu alikuwa awe muuguzi, wewe umekwenda kutembea?" Dada alitazama kushoto, alitazama kulia, watu wazima wanane walikuwa wanatazama viatu vyao, na kesho yake alifukuzwa, na kila alikokwenda kuomba kazi Chapchap alikuwa ameshatangulia kwa simu, "Ah, yule? Ndiye aliyefuta chuo."

Wanasema hasira za mkizi furaha ya mvuvi, lakini huyo mvuvi hakumjua mkizi huyu. Mwezi Januari 2017 chumba kimoja upande wa pili wa barabara kilibaki kitupu, kinatazamana uso kwa uso na dirisha la meneja, dada akakipanga afungue ofisi yake mwenyewe ya tovuti, akashuka kwenye duka la rangi lililo chini ya ofisi ile ile iliyomfukuza, akamwambia muuzaji, "Nipe nyekundu inayoumiza macho," akapaka mlango, akapaka ukuta wote wa mbele, akapaka mbao za madirisha, na shemeji yetu alipomuuliza kama mabomba nayo yapakwe, alimwambia, "Hayo hasa." Kuanzia siku hiyo Chapchap alifanya kazi kwenye mwanga mwekundu kila jua lilipopiga ule ukuta, akaweka pazia, akaweka la pili, akahamisha meza ikaelekea mlangoni, na dada kila baada ya mvua alikuwa anapaka upya huku anapiga mluzi. Wateja, mmoja mmoja, wakaanza kuvuka barabara, kwa sababu seva ya kina Chapchap ilikuwa ikianguka kila mara, na mara moja Chapchap mwenyewe alimpigia akisema, "Dada, tunazama, mipangilio imekataa kabisa, njoo mara moja tu," akamjibu, "Soma kosa kwanza, ndipo ulie," akakata. Tuliocheka siku hiyo tulicheka, na leo hatuombi radhi.

Lakini msidhani moyo wake ulipoa. Alipata kazi, alipata wateja, alisomesha watoto, ila kila alipomwona muuguzi kijana alikuwa anasimama na kumuuliza alisoma mwaka gani, na alipolazwa alikuwa anawauliza hata waliokuja kumchoma sindano, maana lile kosa lisilo lake lilikuwa limekaa katika jina lake, na jina ndicho kitu pekee ambacho hakujua kukitengeneza peke yake.

Figo zake zilianza kusumbua mwezi Mei 2021, akatibiwa, akapata nafuu, akaugua tena, na mwezi Desemba 2023 akalazwa moja kwa moja. Chapchap alikuja wodini na mfuko wa machungwa, akasimama miguuni mwa kitanda, akasema, "Dada, yaliyopita si ndwele," naye akamjibu, "Kwako si ndwele, mgonjwa ni mimi." Akamwomba kitu kimoja tu, mbele ya mume wake na ya mdogo wake anayewasomea hapa, akamwambia, "Machungwa sitaki. Sema nani alifuta, nilisikie kwa mdomo wako, nife nimeburudika." Yule bwana alitazama mlango, akasema, "Tusifukue makaburi, dada." Dada akacheka, kicheko cha mwisho tulichokisikia kwake, akasema, "Haya. Subiri basi lichimbwe langu, ndipo tuongee."

Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Februari 2024, akiwa ameshikwa mkono na binti yake, na agizo lake lilikuwa fupi, nanukuu, "Msinizike na uongo ule." Kaburi limechimbwa. Chapchap yuko hapa, safu ya kwanza, suti nyeusi, na ametuma watu kwa mshereheshaji kuomba dakika chache azungumze kwa niaba ya kampuni juu ya utumishi uliotukuka wa marehemu. Familia imekaa, imekubali. Atapewa kipaza sauti mara nitakapokiweka chini, ila hatutaki utumishi uliotukuka, tunataka jibu la swali aliloulizwa wodini, na jeneza halitashuka mpaka aseme au mpaka aondoke mbele za watu wote hawa, lolote atakalochagua litatutosha, maana hata mgongo wake ni jibu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, waliomvumilia na maswali yake, tunawashukuru majirani waliopika na kuchota maji, tunamshukuru muuzaji wa rangi aliyetuletea kitambaa hiki bila kuulizwa kipimo, tunamshukuru mchora kurasa, aliyechelewa lakini amefika, na wale wenzake saba waliotazama viatu tunawashukuru kwa kuhudhuria, viatu vyenu leo vimeng'aa. Na kama yule mama aliyemshika kanga yuko hapa, mama, mtu wako siye uliyemshika.

Mmeuliza kwa nini chekundu. Ni kwa sababu hapa si majaribio. Huyu alikuwa mmoja, hana nakala, na aliyemgusa ovyo hawezi kusema alidhani ni kitu kingine, rangi aliiona, akaitoa mwenyewe.

Pumzika kwa amani, Nyekundu, funga macho, zamu tumeipokea sisi. Bwana meneja, kipaza sauti hiki hapa, karibu, chapchap.